Anasugua benchi Uswidi: avunje mkataba arudi Dar?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mdogo wangu ana miaka 20, ni winga. Januari mwaka jana alitoka timu ya Ligi Kuu hapa nyumbani akasaini miaka mitatu na klabu ya daraja la pili Uswidi. Msimu wa kwanza alicheza mechi tisa, nyingi akitokea benchi. Kocha aliyemleta akafukuzwa. Mwaka huu ameingia mara mbili tu, siku hizi anachezeshwa na vijana wa chini ya miaka 21. Wiki iliyopita klabu imempa karatasi ya kuvunja mkataba kwa makubaliano: wamlipe mishahara ya miezi mitatu, aondoke. Mshahara wake ni kronor 32,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Klabu moja kubwa ya Dar inamtaka, na wakala wake anasema kuna timu Ghuba italipa mara tatu. Baba anataka arudi Dar ili asiendelee kupotea huko. Baba huyo ameanza kujenga nyumba Pongwe kwa hela anayotumiwa. Mdogo wangu mwenyewe anasema bora abaki. Mimi ndiye ninayeshika hesabu zake. Tumshauri nini? – Dada mtu, Tanga

JIBU: Dada yangu, kwanza mpigie simu leo hii umwambie asiisaini hiyo karatasi. Asigombane na mtu wala asiitupe. Aseme ameipokea na anampelekea mwanasheria aisome. Mengine yote tutayazungumza taratibu, lakini sahihi ikishakaa pale hakuna wa kuirudisha.

Sasa tupige hesabu. Tuko Julai. Mkataba unaisha Desemba mwakani, kwa hiyo imebaki miezi 18. Mara 32,000, ni kronor 576,000. Wao wanampa miezi mitatu, yaani kronor 96,000. Akisaini kwa hiari yake, madai yake yameishia hapo, kwa sababu pande mbili zimekubaliana. Wakimfukuza bila sababu ya haki, kanuni za FIFA zinamtazama tofauti kabisa: anaweza kudai thamani ya mkataba uliobaki, ikipunguzwa kile atakacholipwa na klabu mpya kwa kipindi hichohicho. Ndiyo sababu hawajamfukuza. Wamemletea kalamu.

Siwalaumu sana. Kocha mpya huja na watu wake, na klabu ya daraja la pili haina hela za kumlipa winga ambaye hayumo kwenye hesabu. Ila wewe ichukulie hiyo karatasi kama ofa ya kwanza sokoni. Kama mwisho wa yote ataondoka moja kwa moja, kuna nafasi kubwa ya kupandisha hiyo miezi mitatu, na kuna vitu vingine vya kuomba visivyo hela taslimu, kama tiketi, nyumba hadi atakapohama, na barua ya kumwachia huru bila ada yoyote.

Wiki hizi mwambie awe mwangalifu na jambo moja. Baadhi ya klabu, mchezaji akikataa kusaini, humtenga: anafanya mazoezi peke yake saa ambazo wenzake hawapo, ananyang'anywa kabati kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ratiba haimfikii. Klabu za Uswidi kwa kawaida si watu wa vituko hivyo, lakini vikitokea, kila kitu kiandikwe: tarehe, nani alisema, ujumbe wa simu uhifadhiwe. Kifungu cha 14 cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji kinasema wazi kwamba klabu ikimnyanyasa mchezaji ili avunje mkataba, mchezaji anapata sababu ya haki ya kuuvunja yeye na kudai fidia. Vivyo hivyo mshahara: wakikaa miezi miwili bila kumlipa, anawaandikia barua na kuwapa siku 15, wasipolipa, anaweza kuondoka akiwa na haki zake. Dai la namna hiyo linapelekwa FIFA ndani ya miaka miwili, likipita hapo limekufa. Simon Msuva alipotofautiana na Wydad ya Moroko kuhusu malipo, shauri lilifika FIFA na likaamuliwa kwa upande wake. Kwa hiyo si maneno ya vitabuni tu. Lakini yeye aendelee kwenda mazoezini kila siku, kwa wakati, hata akiwa na kinyongo. Siku akikosa mazoezi bila ruhusa, amewapa wao sababu.

Mtu atakuja kuwaambia kwamba mchezaji akicheza chini ya asilimia 10 ya mechi za msimu anaruhusiwa kuvunja mkataba. Kifungu hicho kipo kweli, ni cha 15. Msikitegemee. Kimeandikwa kwa mchezaji aliyekwisha kujijenga, kinatumika ndani ya siku 15 baada ya mechi ya mwisho ya msimu, na kijana wa miaka 20 aliyeingia mechi 11 kwa msimu mmoja na nusu atapata shida sana kumshawishi yeyote kwamba yeye ndiye aliyekusudiwa.

Hiyo ndiyo sheria. Sasa tuje kwenye soka lenyewe, maana hapo ndipo familia nyingi zinapoteleza. Mnajadili abaki Ulaya au arudi, na wakala anajadili hela. Mimi kwa mchezaji wa umri huu nauliza kitu kimoja: mwaka ujao atacheza dakika ngapi? Kati ya miaka 19 na 23 mchezaji anajengwa na mechi za ushindani, zile ambazo ukikosea pasi mtu anakasirika na pointi zinapotea. Mazoezi ya Ulaya ni mazuri, uwanja ni mzuri, chakula ni kizuri, lakini winga hajifunzi kuamua ndani ya eneo la hatari kwa kukimbia kwenye koni. Kila mlango ulioutaja upime kwa dakika, utaona picha inabadilika.

Chukua Samatta. Watu wanakumbuka Genk na Aston Villa, wanasahau Lubumbashi. Alitoka Simba 2011 akaenda TP Mazembe ya huko Lubumbashi, akakaa pale zaidi ya miaka minne akicheza wiki baada ya wiki, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 akiwa mfungaji bora wa mashindano. Januari 2016 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akajiunga na Genk. Alikuwa na miaka 23. Hakwenda Ubelgiji kutafuta uzoefu, alikwenda nao. Ndiyo maana 2019 alikuwa bingwa wa nchi ile na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza. Na hata yeye Villa alidumu miezi minane tu kabla ya kupelekwa Fenerbahçe. Kuhamishwa ni sehemu ya kazi hii, mwambie Baba hivyo.

Upande wa pili yupo Mtanzania mwenzake, Kelvin John. Alikwenda England akiwa bado mtoto, akasoma na kucheza kwenye chuo cha Brooke House, na alipotimiza miaka 18 mwaka 2021 Genk wakamsajili, kwa kuwa FIFA kwa kawaida hairuhusu uhamisho wa kimataifa chini ya umri huo. Alipitia zaidi timu yao ya pili, kisha 2024 akahamia AaB ya Denmark kutafuta nafasi. Hakuna aliyefeli hapo. Ni njia ndefu tu, na mtu akiwa na kipaji bado anaikubali.

Mfano unaomhusu zaidi mdogo wako nadhani ni wa Novatus Dismas. Alikwenda Maccabi Tel Aviv akiwa kijana, kikosi cha kwanza hakikuwa chake, akatolewa kwa mkopo, yaani kwenda kucheza kwa muda huku mkataba wake ukibaki, Beitar Tel Aviv, timu ya daraja la pili kulekule Israeli. Nani hapa nyumbani alikuwa anaifuatilia Beitar Tel Aviv? Lakini alicheza. Kutoka pale Zulte Waregem ya Ubelgiji wakamchukua 2022, mwaka uliofuata akawa Shakhtar Donetsk ya Ukraine na Ligi ya Mabingwa Ulaya, leo mtu hahoji kwa nini alishuka daraja.

Michael Olunga wa Kenya naye. Girona alipiga mabao matatu katika mechi moja ya ligi ya Uhispania Januari 2018, historia, lakini dakika hazikutosha. Akaenda Kashiwa Reysol ya Japani, timu ikashuka daraja mwaka huohuo. Akabaki nayo. Msimu wa 2019 katika daraja la pili alifunga mabao manane kwenye mechi moja dhidi ya Kyoto, timu ikapanda, na 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28 na mchezaji bora wa msimu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mkopo, na mkopo wa ndani ya Uswidi. Klabu yake aiambie hivi: sisaini kuvunja, lakini nipeni timu nitakayocheza hadi Novemba, mshahara tugawane mnavyojua ninyi. Wao wanaokoa hela, yeye anapata mechi, mkataba unabaki. Msimu wa kule unaanza masika na kwisha Novemba, kwa hiyo Julai ni katikati, na dirisha la usajili la kiangazi ndilo linalotumika. Timu za daraja la tatu, wanaloliita Ettan, zinatafuta mawinga wenye kasi kila kiangazi kwa sababu wa kwao wameuzwa. Mdogo wako atakunja uso akisikia daraja la tatu. Acha akunje. Mechi kumi na mbili za kuanza, na video yake, zina thamani kuliko mwaka mzima wa kuvaa koti la klabu jukwaani.

Kabla ya hilo waulize mambo mawili kwa maandishi. La kwanza ni kibali. Kwa mwajiriwa mgeni kibali cha kazi cha Uswidi kinaweza kuwa kimefungwa kwa mwajiri mmoja, kwa hiyo klabu ieleze mkopo utafanyikaje bila kumharibia ukaazi. La pili ni nani analipa mshahara na tarehe gani. FIFA inataka mkopo uwe wa maandishi na usizidi mwaka mmoja. Msikubali maneno ya simu.

Tukija Dar. Sipingi kurudi, na huyo Baba tusimwone mkorofi. Mkenya Victor Wanyama alifika Helsingborg ya Uswidi 2007 akiwa kijana mdogo, kumfuata kaka yake Mariga. Mariga alipokwenda Parma, yeye akarudi Kenya. Mwaka uliofuata akasajiliwa Beerschot ya Ubelgiji, kisha Celtic, Southampton, Tottenham. Kwa hiyo kurudi hakujamfungia mtu mlango. Mitandaoni watasema amechemka, watasema wiki mbili, kisha watahamia kwa mwingine.

Shaka yangu ni kwamba klabu kubwa ya Dar inaweza kuwa benchi jipya lenye jua zaidi. Kanuni za ligi yetu zinaruhusu klabu kusajili wageni hadi 12, na hizi kubwa zinatumia nafasi hizo, hasa mbele, anakocheza mdogo wako. Anakuja winga kutoka Afrika Magharibi mwenye miaka 27 na uzoefu wa mashindano ya CAF, na kocha anatakiwa kushinda kila Jumamosi. Unadhani atampanga nani? Muulizeni kiongozi anayewapigia simu: kwenye nafasi hii mna nani, na mwaka jana mchezaji wa pili wa nafasi hiyo alicheza mechi ngapi? Akianza kukujibu kuhusu gari na nyumba Mbezi, umeshapata jibu. Kwa soka tupu, ningependa zaidi timu ya katikati ya msimamo inayomhitaji kweli, hata hukohuko Tanga, ingawa najua mshahara hautalingana.

Na kama ni Dar, iwe kwa mkopo kwanza. Mkataba wa Uswidi ubaki hai, aje acheze, Desemba au mwisho wa msimu mtazame tena. Kalenda za nchi hizi mbili hazifanani, na FIFA ina kikomo cha klabu ambazo mchezaji anaweza kuchezea mechi rasmi ndani ya msimu mmoja, kwa kawaida mbili, kukiwa na nafuu kwa nchi zenye kalenda tofauti. Klabu ya Dar ilithibitishe hilo na TFF kabla hajapanda ndege.

Wakisema wanamtaka moja kwa moja, basi mkataba wa Dar uwe na bei ya kuondokea, imeandikwa kwa tarakimu: ikija ofa ya kiasi hiki kutoka nje, klabu haina mamlaka ya kukataa. Mlikuwa mnafuatilia sakata la Feisal Salum na Yanga. Desemba 2022 alirudisha shilingi milioni 112 akiamini amejinunua, TFF ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga, na mpaka alipohamia Azam Juni 2023 alikuwa amekaa nusu msimu bila kucheza. Yule alikuwa tayari ni Fei Toto, jina kubwa. Mdogo wako nusu msimu mwingine nje ya uwanja hawezi kuumudu.

Ghuba nitaipitia haraka. Hela ni ya kweli mara nyingi, na kwa mchezaji wa miaka 28 mwenye watoto ningesema aende. Olunga mwenyewe alikwenda Al-Duhail ya Qatar, lakini akiwa na mabao 28 ya Japani mgongoni. Kijana wa miaka 20 asiye na takwimu akienda kwenye timu ambayo wakala wala haitaji jina, mwaka mmoja baadaye Ulaya haimkumbuki. Kuna mtego pia kwenye mpangilio wa karatasi: anasaini kuvunja Uswidi leo, anaambiwa mkataba wa Ghuba utakuwa halali akishafaulu vipimo na kupata visa. FIFA hairuhusu uhalali wa mkataba ufungwe kwa vipimo vya afya au kibali cha kazi. Vipimo vinafanywa kabla ya kusaini. Nimeona vijana wakianguka katikati ya karatasi hizo mbili, hana huku wala kule. Popote atakapokwenda, mkataba mpya uwe umesainiwa na pande zote ndipo wa zamani uvunjwe, ikiwezekana siku moja.

Wakala huyo sijui kama ni mbaya. Jueni tu kwamba analipwa mtu akihama, halipwi mtu akitulia, kwa hiyo macho yake yanaona viwanja vya ndege. Tafuteni jina lake kwenye orodha ya mawakala wenye leseni iliyopo tovuti ya FIFA; kama halimo, mazungumzo yameisha. Tazama pia mkataba wake na mdogo wako ulisainiwa lini, kwa kuwa FIFA hairuhusu upite miaka miwili, na huenda umekwisha bila ninyi kujua. Kisha muulize bila kuona haya: kwenye dili hili la Ghuba nani anakulipa, na kiasi gani? Muulize pia kama anasimama na mchezaji na klabu inayomwachia kwa wakati mmoja. Akiwa ndiye anayemhimiza asaini karatasi ya kuvunja, lazima mjue kwa nini.

Kule kule Uswidi kuna chama cha wachezaji, Spelarföreningen, ambacho kazi yake ni mambo haya. Aulize kesho kama ni mwanachama. Kama siye, aulize kujiunga. Mtu wa chama aliyesoma mikataba mingi ya klabu za nchi ile atamsaidia kuliko mimi niliye huku, na klabu ikiona jina la chama kwenye barua pepe, ile miezi mitatu huanza kuongezeka yenyewe.

Limebaki la nyumba ya Pongwe, na hili nalisema kwa heshima kwa Baba. Wewe unashika hesabu, basi unajua anatuma kiasi gani. Kijana anayelipia mafundi kila mwezi hawezi kukubali mkopo wenye mshahara pungufu hata kama ndio utakaomwokoa, na atavutwa na Ghuba kwa sababu ya saruji. Simamisheni ujenzi kwenye lenta kwa mwaka mmoja. Nyumba haiharibiki ikisubiri, ila fedha za miezi sita ya kuishi zikae kwenye akaunti yake mwenyewe, kule kule, asiziguse yeyote. Zikiwapo hizo, anaweza kukaa mezani na klabu bila kutetemeka.

Na yeye umuulize swali ambalo pengine hajaulizwa na yeyote: kocha mpya amemwambia nini hasa? Aombe dakika kumi aingie ofisini kwake. Winga katika soka la Scandinavia anatakiwa kukaba mpaka kwenye kona yake mwenyewe, kukimbia mbio za nyuma mara nyingi kuliko za mbele, na vijana wetu wengi waliozoea kusubiri mpira mguuni wanaonekana wavivu kumbe hawajaelekezwa. Kama tatizo ni hilo, linarekebishika kokote atakakopelekwa. Kama kocha atasema wazi hamhitaji kabisa hata mwakani, nalo ni jibu zuri, kwa sababu mazungumzo ya mkopo yanaanza hapohapo. Pia aanze darasa la Kiswidi. Manispaa zinafundisha wageni wakaazi bure, na mchezaji anayeelewa kelele za benchi anapangwa mapema. AFCON 2027 inachezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda. Atakuwa na miaka 22, na kocha wa Taifa Stars atawatazama wanaocheza, awe Ettan au hapo uwanja wa Mkwakwani, Tanga.

Nitumie nakala ya mkataba wa sasa, kurasa zote, pamoja na hiyo karatasi na mkataba wa wakala. Funika jina lake na namba ya pasipoti. Nataka hasa kuona ukurasa wa bonasi na kama kuna kipengele cha klabu kumpeleka mkopo bila ridhaa yake. Na kama wamempa tarehe ya mwisho ya kujibu, niambie ni lini, maana hujaitaja.